Bahari haifuati saa za ofisi

KILA chombo kinapozama kwenye pwani yetu ya kaskazini mwa Msumbiji, maneno ni yale yale: watu walizidi, chombo kilikuwa kibovu, nahodha hakuwa makini. Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo, lipo swali ambalo sijasikia likiulizwa na wakubwa wa upande wowote wa Ruvuma, nalo ni hili: chombo kile kiliondoka saa ngapi, na kwa nini saa ile?

Swali hili si dogo kwa wanaorejea makwao tangu mji wa Mocímboa da Praia uliporudishwa mikononi mwa serikali Agosti 2021, wala kwa wafanyabiashara wa Mtwara, Msimbati na Palma. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kule Mtambaswala ni jambo jema, lakini liko kiasi cha kilomita 200 kutoka pwani. Mwenye magunia kumi ya mchele hawezi kuzunguka huko akabaki na faida. Anapanda mashua. Hata sisi wa Mbau, ambao hatuna bandari ya kujivunia, tunajua bei ya sukari dukani ikipanda kwamba huko pwani kuna jambo.

Mimi ni mwalimu. Nilisomeshwa Mtwara, ukimbizini, wakati wa vita vya Frelimo na Renamo vilivyokwisha mwaka 1992. Shuleni tulifundishwa kusi na kaskazi kwa mishale iliyochorwa kwenye ramani. Mishale ile haikusema lolote juu ya saa, na baharini saa ndiyo kila kitu.

Tuanze na maji. Hapa kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Hayo kila mvuvi anayajua. Ambalo watu wa ofisini hawalitilii maanani ni kwamba bamvua ina saa zake, nazo hazibadiliki mwaka hadi mwaka. Siku za bamvua maji hujaa pomoni kiasi cha saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni kwa saa ya Tanzania, yaani saa tisa kwa saa ya Msumbiji, ambayo iko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo katikati ya asubuhi maji huwa yamekauka kabisa. Siku za maji mafu mambo hugeuka, bahari ikajaa katikati ya asubuhi.

Sasa tuje kwenye upepo. Kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba ni kusi, na Juni na Julai ndiyo hasa huwa kali. Lakini kusi haivumi sawasawa mchana kutwa. Alfajiri nchi kavu huwa imepoa, na umande, ule upepo mwepesi utokao bara, husukuma chombo nje taratibu. Jua likipanda, bara hupata joto na kuvuta upepo wa bahari, ambao hujiunga na kusi. Kuanzia saa saba mchana bahari iliyokuwa shwari huanza kutoa povu.

Mzee wa zamani aliyetaka kutoka ghuba ya Mocímboa siku ya bamvua hakuwa na haja ya kufikiri sana. Maji yamejaa usiku, yameanza kutoka, umande unavuma kutoka bara, kunapambazuka. Anatweka tanga, mkondo unamtoa nje kama anayesukumwa na mkono, na kabla ya kusi kuwa kali yuko nje ya ghuba, anajua anakokwenda.

Linganisha na msafiri anayetegemea karatasi ya ofisi. Ofisi za nchi zote mbili hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, kila nchi kwa saa yake. Mpaka majina ya abiria yaandikwe na mhuri upigwe, saa tatu imefika. Akiteremka pwani anakuta mashua imelala ubavu mchangani na maji yako mbali. Atasubiri hadi saa sita au saba maji yairudie. Umande umekwisha zamani, kusi limepamba moto, na maji yanayojaa yanaingia ghubani wakati yeye anataka kutoka. Na kwa saa ya Msumbiji, jua la Juni huzama mara tu baada ya saa kumi na moja jioni! Safari iliyopaswa kuanza na kwisha mchana imegeuzwa kuwa safari ya usiku, kwenye milango ya miamba, na watoto ndani. Hakuna sheria iliyovunjwa, na mhuri upo.

Mdomo wa Ruvuma nao una tabia yake. Mto unatoa maji, maji ya bahari nayo yanatoka, halafu kusi linayapiga kwa mbele. Pale upepo na mkondo vinapokutana uso kwa uso, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na chombo kifupi hakipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kutoka ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hapo maji hukimbia zaidi. Mahali pale pale, saa chache kabla au baada, hata mwenye ngalawa hupita salama.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani wanaotafuta waliopotea baharini wangelipa uzito. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unaotoka upande wa Madagaska hugonga pwani ya Afrika karibu na rasi iliyoipa Cabo Delgado jina lake, kisha hugawanyika. Sehemu moja huenda kaskazini mbele ya Mtwara, Lindi na Kilwa. Nyingine hugeukia kusini, upande wa Pemba na Nampula. Mahali pa kugawanyika huhama kidogo kwa majira. Wakati wa kusi mkondo wa kaskazini penye nguvu hufikia mafundo 4, mwendo ambao mashua yenye upepo mwepesi haiupati. Maana yake ni kwamba vyombo viwili vikivunjika mlingoti siku moja nje ya miamba, kimoja mbele ya Msimbati na kingine mbele ya visiwa vya Quirimba, huenda vikachukuliwa pande mbili tofauti. Mwenye kutafuta kimoja asitafute alikotafuta kingine.

Tuangalie misiba miwili. Tarehe 29 Oktoba 2020, wakati maelfu ya watu walipokuwa wakikimbia mashambulizi kwa vyombo kwenda Pemba, chombo kilizama kati ya visiwa vya Ibo na Matemo na makumi ya watu wakafa. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 31. Tarehe 7 Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichobeba watu wapatao 130 kutoka Lunga, jimbo la Nampula, kilizama kikielekea Kisiwa cha Msumbiji. Walikufa zaidi ya watu 90, wengi wakikimbia uvumi juu ya kipindupindu. Kesho yake jua lilipatwa kule Marekani, na jua halipatwi ila mwezi unapoandama. Misiba yote miwili, basi, ilitokea maji yakikaribia bamvua au yakiwa bamvua. Sisemi kwamba bamvua ndiyo iliyowaua. Watu walizidi, na hofu ndiyo iliyowapakia. Ninachosema ni kwamba siku kama hizo mikondo ya kwenye milango huwa na nguvu kuliko siku zote, na chombo kilichojaa kupita kiasi hakina pa kukosea.

Najua jibu nitakalopewa: hii ni pwani iliyopigana tangu tarehe 5 Oktoba 2017, na askari hawawezi kuruhusu mashua zitembee gizani zipendavyo. Ni kweli, wala sitetei safari za gizani. Mwenye kutoka kunapopambazuka huonekana na kila askari aliye ufukweni, na hufika kungali mchana. Ni utaratibu wa sasa unaotupa vyombo visivyo na taa usiku, vikichanganyika na vile ambavyo askari wanavitafuta.

Dawa yake haihitaji mkutano wa mawaziri. Kibali cha safari ya siku ya bamvua kitolewe jana yake jioni, na ukaguzi wa abiria na shehena ufanywe ufukweni alfajiri. Ubao wenye tarehe ya mwezi na saa za maji, za nchi zote mbili, unaweza kuandikwa kwa chaki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza upepo na mawimbi kwa Kiswahili. Utabiri wa Msumbiji huja kwa Kireno, na wengi wa manahodha wetu lugha yao ni Kimwani. Tangazo la Mtwara likisomwa Palma na Mocímboa halimpunguzii mtu uraia wake.

Utaratibu huo haujawa, na biashara haisubiri. Basi mwenye nyanya au vitunguu, vitu visivyongoja, ahesabu mwezi kabla ya kununua. Tarehe 7 hadi 9 na tarehe 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, maji hujaa katikati ya asubuhi, mhuri ukiwa umekwisha kupigwa na mashua ikielea. Kusi la mchana bado lipo, kwa hiyo safari iwe fupi na kituo cha kulala kijulikane mapema. Mwenye saruji au chumvi anaweza kupanga siku nyingine, ila asikubali kupakia saa nane mchana siku ya bamvua ya Julai, hata nahodha akimpunguzia nauli.