Tuache Kufuga Wanyama wa Karatasi

Ipo anasa mpya iliyoingia katika sherehe zetu kwa mlango wa mbele, ikapigiwa vigelegele na kupewa kiti. Noti za Benki Kuu, tena noti mpya ambazo hazijapata kununua hata kibaba cha unga, hukunjwa zikafanywa maua, vipepeo, samaki, ndege na hata tembo. Kisha hufungwa kwa waya, hubandikwa kwa gundi, hubanwa kwa pini, na kuvishwa shingoni mwa bibi harusi au mtoto aliyemaliza darasa la saba. Fundi wa mikunjo hulipwa. Mpiga picha hulipwa. Mshereheshaji hutangaza thamani ya shada kama dalali anayenadi ng'ombe mnadani, na wageni hupiga makofi.

Huo ni ubadhirifu. Na watumishi wa umma pamoja na walimu, ambao aghalabu ndio wanaokalia viti vya mbele katika sherehe hizo, hawana haki ya kuupigia makofi. Wanao wajibu wa kuukomesha.

Hebu tuitazame noti yenyewe. Noti zetu zilizoanza kutumika mwaka 2011 zimekwisha kupambwa na wanyama, wala hazihitaji wengine. Elfu mbili ina simba, elfu tano ina faru, elfu kumi ina tembo. Anayeikunja elfu kumi ili apate tembo anamficha tembo aliyechorwa na taifa, apate kujitengenezea kijitembo chake cha mikunjo, chenye mkonga uliopinda na masikio yasiyolingana. Ukiinyanyua noti hiyo kuelekea kwenye mwanga utaiona sura ya Mwalimu ndani ya karatasi. Ukiikunja mara arobaini, sura hiyo inapitiwa na makovu.

Habari ya faru inatuhusu zaidi sisi wa Same. Lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko kilomita chache tu kutoka Same mjini. Majangili waliwamaliza faru weusi wa nyika ile, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wametoweka. Mwaka 1997 wakaletwa wanne kutoka Afrika Kusini, na baadaye wengine wakaja kutoka huko huko na kutoka Ulaya, wakatengewa eneo lenye uzio na walinzi wa usiku na mchana. Hiyo ndiyo gharama ya kumrudisha faru mmoja mahali alipozaliwa babu yake. Halafu mtu anachukua noti yenye picha ya mnyama huyo, anaikunja mpaka pembe yake inapasuka, na kuiita kazi hiyo mapenzi.

Wapo watakaosema kwamba nimeanza kulia kwa ajili ya karatasi. Karatasi hii ina historia. Kwa miaka mingi tulitumia fedha za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, na fedha hizo zilibeba sura na majina ya wafalme wa Uingereza. Benki Kuu yetu ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966, na siku hiyo ndipo Mtanzania aliposhika shilingi iliyotolewa na nchi yake mwenyewe. Gavana wa kwanza, Ndugu Edwin Mtei, alitoka mkoa huu wa Kilimanjaro. Na katika milima hii ya Upare alizaliwa marehemu Mzee Cleopa Msuya, aliyeongoza Wizara ya Fedha zaidi ya mara moja na kuwa Waziri Mkuu mara mbili. Noti ya Tanzania hutiwa saini ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Saini hizo ni ahadi ya Serikali kwa mwananchi, na ahadi haichezewi kwa mkasi na gundi.

Watu wa Upare hawakuanza jana kuiheshimu shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wananchi waliteremka milimani kwa miguu hadi Same, makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru ambayo wakoloni waliipanga kwa kukadiria mali ya kila mtu. Hawakukataa kulipa. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kichwa iliyo sawa kwa wote. Walichokataa ni mtu kuingia nyumbani kwa mwenzake kuhesabu migomba na mbuzi, kisha kutangaza huyu ana kiasi hiki na huyu kiasi kile. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya mapambano hayo, kikatoka mwaka 1971, na walimu wa historia wanakifahamu. Basi angalieni kilichotupata. Wazee walikesha Same wakikataa utajiri wa mtu kukadiriwa hadharani. Wajukuu wao wanakodi kipaza sauti ili ukadiriwe hadharani. (Tunataniwa nchi nzima kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Natamani tungebaki na utani huo. Mwenye kesi ya kuku angalau anatetea kuku.)

Kuna hoja kwamba huu ni ufundi wa Wajapani, taifa lililoendelea, na kwamba anayeupinga anapinga maendeleo. Hoja hii hutolewa na watu wasioijua Japani. Ni kweli kwamba Wajapani wamefikisha sanaa ya kukunja karatasi mahali ambapo wengine hawajafika, na wenyewe huiita origami, maana yake karatasi iliyokunjwa. Lakini Mjapani aendaye harusini hupeleka noti mpya, zilizonyooka, zisizo na mkunjo hata mmoja, akazitia katika bahasha maalumu. Kinachokunjwa kwa ustadi na kufungwa kamba za rangi ni bahasha hiyo. Kwao noti iliyonyooka ni dalili kwamba mtoaji alijiandaa mapema kwa heshima ya arusi. Sisi tumeichukua sanaa yao kinyumenyume, tukaikunja noti na kuitupa bahasha. Ulimbukeni ndio huo: kunakili kitu cha watu usichokielewa.

Tena, Japani tunayoijua sisi wa Same si ya vipepeo. Ni Japani ya skimu ya Ndungu, iliyojengwa kwa msaada wake na kukamilika mwaka 1990, inayomwagilia mamia ya hekta za mpunga katika bonde la Mkomazi. Nani amewahi kusikia kwamba wataalamu wale walikuja Ndungu wakatufundisha kukunja shilingi?

Twende sasa kwenye uharibifu wenyewe, maana wengi hudhani kwamba shada likifumuliwa noti hurudi kuwa kama zilivyokuwa. Hazirudi. Karatasi ya noti imetengenezwa kustahimili kukunjwa mara mbili mfukoni, kufungwa katika pindo la khanga, kupita mikono mingi sokoni. Haikutengenezwa kwa mikunjo midogo midogo inayokatana mahali pamoja, kwani hapo ndipo nyuzi zake hukatika na tundu likatoboka. Gundi huunganisha noti mbili zikawa moja, nazo zikitenganishwa huchanika. Pini hutoboa. Waya huacha kutu. Mashine ya kuhesabia huikataa noti ya namna hiyo, na mashine ya kutolea fedha hukwama. Benki ikiipokea huitenga kwa ajili ya kuteketezwa, na nyingine hulazimika kuchapishwa mahali pake. Noti zetu huchapishwa nje ya nchi na hulipiwa kwa fedha za kigeni, zile zile tunazozitafuta kwa kahawa, korosho na dhahabu. Kwa hiyo kila tembo wa karatasi anayezaliwa ukumbini ana malisho yake, nayo hulipwa na mkulima wa Mamba Miamba anayebeba tangawizi mgongoni na ambaye hakualikwa harusini.

Isitoshe, noti mbovu haibaki kwa aliyeiharibu. Mwenye sherehe anazo njia za kuiondoa: huichanganya na nyingine akalipia mafuta, au humpa dereva jioni wakati taa ni hafifu. Mwishowe huangukia kwa mama muuza ndizi huko Gonja au Vudee. Wa mjini hulalamika kidogo akaenda benki kuibadilisha. Mama yule, ili akaibadilishe, hana budi kulipa nauli ya kuteremka mlima na kuupanda tena, nauli ambayo huenda ikaimeza nusu ya noti yenyewe. Yeye hana hata picha ya kumbukumbu.

Wenzetu wamekwisha kuliona jambo hili. Mwanzoni mwa mwaka 2026 Benki Kuu ya Kenya ilionya hadharani juu ya mashada ya noti, ikaeleza kwamba gundi, pini na mikunjo huharibu fedha na kusumbua mashine, na kwamba haimzuii mtu kumpa mwenzake zawadi ya fedha ilimradi haiharibu. Nigeria ina sheria ya mwaka 2007 inayokataza kurusha na kukanyaga noti katika sherehe, na mwezi Aprili 2024 msanii mmoja mashuhuri alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kosa hilo. Sheria zetu pia zinamkataza mtu kuharibu noti kwa makusudi. Mimi sipendi kuona bibi harusi akipelekwa polisi na shela lake. Bali sipendi pia kuona sheria ya nchi ikichekwa mbele ya mkuu wa idara aliyeketi meza kuu.

Jawabu linalosikika kila mara ni hili: "Fedha ni yangu, nimeitolea jasho." Thamani iliyomo katika noti ni yako kweli, na ukitaka kununua nayo mbuzi au mabati hapana wa kukuzuia. Lakini noti ni chombo cha umma unachokipokea kwa zamu yako na kukipitisha kwa mwingine, mfano wa maji ya ndiva. Wazee wetu walichimba ndiva milimani, kila kaya ikapangiwa siku yake ya kufungulia maji shambani. Siku ya zamu yako maji yalikuwa yako. Hukuruhusiwa kuyatia sumu kwa sababu tu zamu ilikuwa yako.

Wengine hukimbilia utamaduni: je, kutunza si desturi yetu? Ni desturi, nami siipingi. Mwimbaji wa taarabu au mcheza ngoma akitunzwa, fedha hutoka mkono huu ikaingia mkono ule, ikafika nyumbani kwake ikiwa fedha. Anayetunza huitoa kwa sababu kazi imemfurahisha. Shada la noti halitokani na furaha ya papo hapo. Limeagizwa wiki mbili kabla, limepimwa, limefananishwa na la jirani, na katika michango mingi limekopewa. Nimewajua watumishi waliochukua mkopo wa riba ili mtoto wao asionekane mnyonge siku moja, wakaulipa kwa miezi mingi huku wakija kazini kwa miguu. Mtumishi wa namna hiyo ndiye anayekuja kujaribiwa na bahasha nyingine, ile inayopitishwa chini ya meza.

Mahali panaponiuma zaidi ni shuleni. Harusi ni ya watu wazima, na mtu mzima akijipumbaza ni juu yake. Lakini mahafali ni shughuli ya shule, na shule nyingi za milima hii, za Serikali na za madhehebu, zilisimama kwa msaragambo: wananchi walibeba mawe na mchanga kichwani, kila mtu kwa nguvu zake, wala hapakuwa na aliyevikwa shada kwa kubeba jiwe kubwa. Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada katika shule za msingi na sekondari ili mtoto wa maskini akae dawati moja na mtoto wa mwenye duka. Wamekaa pamoja miaka saba, wamevaa sare moja, wamegawana kitabu kimoja. Siku ya mwisho, mbele ya walimu wao, mmoja anaitwa na kuvishwa tausi wa noti za elfu kumi kumi, na mwingine, ambaye huenda ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani, anapita mikono mitupu huku bibi yake akiinamisha macho. Yale yote mwalimu aliyoyafundisha katika somo la uraia yanafutwa kwa nusu saa. Watoto si wajinga. Wanaona ni nani aliyeshangiliwa na kwa sababu gani.

Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilitufundisha kwamba fedha ni tunda la maendeleo na kwamba msingi wake ni watu na juhudi yao. Mwalimu mkuu anayekubali gwaride la mashada katika uwanja wa shule anafundisha somo lililo kinyume, tena analifundisha vizuri kuliko alivyopata kufundisha jambo lolote, kwa kuwa linafuatana na muziki.

Haihitajiki tume wala semina. Barua ya mwaliko wa mahafali huandikwa na mwalimu mkuu kwa kushauriana na kamati ya shule. Iongezwe sentensi moja: zawadi ya fedha ikabidhiwe kwa mhitimu nyumbani, au ikiletwa shuleni iwe ndani ya bahasha, na mashada ya noti hayataruhusiwa kupita lango. Maofisa elimu wa kata wasimamie. Wakuu wa idara wanaoalikwa kuwa wageni rasmi waulize mapema kama sherehe ina mashada hayo, na ikiwa nayo wasiende. Kamati za harusi za wafanyakazi nazo zifute kifungu cha shada katika bajeti zao.

Bahasha zinauzwa katika duka lolote la Same mjini. Na yule fundi mwenye vidole vyepesi, ambaye kwa kweli ana kipaji, asiachwe bila kazi: apewe bahasha hiyo aikunje iwe faru, noti zikiwa zimelala ndani zimenyooka.