KABLA HUJASHIKA SURURU



Ndugu yangu, kijana mmoja hapa Ikonda aliniuliza baada ya swala ya Ijumaa: "Sheikh, ile miji ya mawe ya pwani si Waarabu ndio waliijenga? Sisi Wakinga wa milimani inatuhusu nini?"

Nikamwambia, twende Shanga, kisiwa cha Pate, Kenya. Miaka ya 1980 mtaalamu Mark Horton alichimba chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe akakuta mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye kijumba cha miti cha karne ya 8. Miti ilishaoza. Kilichobaki ni mashimo ya nguzo, madoa tu kwenye udongo. Waliosali pale walikaa nyumba za miti na udongo, wakapikia vyungu vya kienyeji. Mawe yalikuja baadaye, taratibu, mahali palepale. Hata Kilwa, aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331 na kuisifu kwa uzuri, yeye aliitaja kuwa ya nyumba za miti, na wakazi wake wengi watu weusi.

Na usidhani bara haimo: sarafu ya sultani wa Kilwa, Hasan bin Sulaiman, ilipatikana Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. (Huyu ndiye aliyempa fakiri nguo alizovaa mwilini. Someni habari zake.)

Sasa linaloniuma. Huku kwetu watu wanatoka usiku na sururu kutafuta "mali ya Mjerumani", wanafukua mahame na makaburi. Fikiri mtu huyo angemtangulia mtaalamu pale Shanga! Lile doa la nguzo lingetoka na koleo la kwanza, na leo ningekosa cha kumjibu yule kijana. Mtaalamu huondoa udongo kidogo kidogo, anapima, anachora, anaandika. Wewe unatafuta rupia, unatupa habari za babu zako.

Qur'ani imetuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Tuangalie, siyo tufukue. Makaburi ndiyo kabisa, hayo hata hayahitaji fatwa. Na serikali nayo ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, kuchimba bila kibali ni kosa.

Ukilima viazi ukakuta vigae au mabaki ya kale, usiendelee kuchimba. Viache vilipo, kamwambie mwenyekiti wa kijiji apeleke habari wilayani.

Wallahu a'lam.