Viscri haikuhamwa kwa siku moja

Simulizi iliyozoeleka kuhusu Viscri, kijiji cha Transylvania nchini Romania, ni kwamba Wasaksoni wake, wakazi wenye asili ya Kijerumani, walifungasha virago mwaka 1990 wakifuata maisha bora Ujerumani. Naona chanzo kiko mbali zaidi. Watu hawa waliingia Transylvania karne ya 12 kwa mwaliko wa wafalme wa Hungaria, wakazungushia kanisa lao ngome, na katika mnara wake mmoja kaya za kijiji zikahifadhi nyama yao ya nguruwe. Jamii iliyokita mizizi hivyo kwa karne saba na zaidi haing'oki kwa tamaa ya mshahara tu. Januari 1945 wanaume wa miaka 17 hadi 45 na wanawake wa miaka 18 hadi 30 wenye asili ya Kijerumani walikusanywa kote Romania, wakapelekwa Umoja wa Kisovieti kufanya kazi za shuruti migodini na viwandani. Mwaka huohuo walinyang'anywa mashamba. Baadaye Ceaușescu, mtawala wa kikomunisti wa Romania, akawaruhusu kuondoka, Ujerumani Magharibi ikilipia kila kichwa.

Wapo watakaosema mchuma janga hula na wa kwao, kwa kuwa Wasaksoni wengi walijiunga na Waffen-SS, jeshi la chama cha Nazi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kweli walijiunga, na hilo lisifichwe hata kidogo. Lakini amri ya kuwapeleka kwenye kazi za shuruti ilitazama umri na kabila, haikuuliza nani alitenda nini. Msichana wa miaka 18 aliadhibiwa kwa asili yake. Wanaoandika historia ya Viscri, tafadhali waanzie hapo, na wasiwasahau Waroma na Waromania wanaoishi katika kijiji hicho leo.