Medani ya Vita Si Mnara

Tarehe 10 na 11 Machi 1979, katika mji wa Lukaya nchini Uganda na kwenye barabara ikatayo kinamasi kuelekea Kampala, Jeshi la Wananchi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walipambana na askari wa Idi Amin waliosaidiwa na Walibya. Mwezi mmoja baadaye Kampala ilitwaliwa.

Leo abiria husimama Lukaya kununua nyama choma na ndizi, wasijue wamekanyaga nini. Kando ya barabara hiyo hiyo, katika kinamasi cha Lwera, mchanga huchimbwa na kupakiwa kwenye malori.

Mwaka 2023 Uganda ilipata Sheria ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu, badala ya ile ya 1967. Ni hatua njema. Lakini medani ya vita si mnara. Ni ardhi yenyewe. Ardhi ikibebwa, kitahifadhiwa nini? Basi mipaka yake ipimwe, itangazwe katika Gazeti la Serikali, uchimbaji ndani yake ukomeshwe, na wenye mashamba walipwe haki yao.

Wapo wadhanio kwamba mgeni hutaka choo safi na kivuli tu. Apewe hivyo, lakini apewe na ukweli kwa kinywa cha wenyeji. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ile sasa amepita 60. Raia, mwulize mbunge wako: tunangoja azikwe nani?