Kopa nne si kopa tano

Leo tuache kidogo mambo ya simu, tucheze karata. Kompyuta itarudi huko mbele, msihofu.

Jumamosi moja nilipanda matatu kutoka Thika hadi Ruiru, kwa marafiki wanaocheza poka. Si ile yetu ya "niko kadi", bali Texas Hold'em, yenye karata mbili mkononi na tano mezani. Ikabaki karata moja kufunguliwa. Jamaa yangu ana kopa nne, anangoja ya tano. Mezani pana shilingi 2,000, na ili aione karata ya mwisho lazima aongeze 1,000. Hizo zilikuwa pesa za kodi ya nyumba. Akalipa. Kopa ikaja! Watu wakashangilia.

Mimi nasema alikosea, ingawa alishinda.

Tuhesabu pamoja. Karata ni 52. Ameziona 6, zimebaki 46. Kati ya hizo, kopa ni 9 na za kumwangusha ni 37. Kwa wastani, akirudia mara 46 atapata 2,000 mara 9, yaani 18,000, na kupoteza 1,000 mara 37, yaani 37,000. Hasara ni 19,000, karibu shilingi 413 kila mara. Ili asile hasara, mezani panatakiwa pawe na zaidi ya 4,100. Tena hapo nimemhurumia, maana hata kopa ikija, mwenzake anaweza kuwa na kopa kubwa zaidi.

Niliporudi Thika niliandika programu fupi, ikaicheza hali hiyo mara milioni moja. Jibu likawa lile lile. Nilipomwonyesha akasema, "Kompyuta haijui bahati." Kweli, haijui. Lakini hata mwenye nyumba haijui.

Ninachosema ni hiki: kopa nne hazina thamani zenyewe. Thamani yake ni bei unayotozwa kuingoja ya tano. Kulipa 1,000 kukiwa na 5,000 mezani ni hesabu nzuri. Kukiwa na 2,000 ni sadaka. Kukaribia si kupata, na wale ambao mkeka wao uliwahi kuchanwa na timu moja wanalijua hilo.

Jamaa yangu, tangu siku ile, hulipa bei yoyote. Ushindi ule ndio uliomponza.

Je, wewe ungelipa?