Mkono Unaomwiga Mwenzake Si Ukaidi

Yuko mtoto ambaye, akifunga kifungo cha shati kwa mkono wa kulia, vidole vya mkono wa kushoto hufuata mwendo ule ule bila kutumwa. Nyumbani huitwa mzembe. Darasani huambiwa anafanya mzaha. Kwa watoto wadogo jambo hili ni la kawaida, nalo hufifia ubongo unapokomaa. Likiendelea kwa nguvu baada ya umri wa miaka 10, chanzo chake chaweza kuwa kilikuwepo kabla mtoto hajazaliwa.

Katika kiinitete cha mnyama mwenye uti wa mgongo, nyuzi nyingi za neva huvuka mstari wa katikati ya mwili. Ndiyo sababu upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono wa kulia. Nyuzi hizo hazivuki kwa kubahatisha. Protini iitwayo netrini huzielekeza, na jeni ya DCC hutengeneza kipokezi kinachoihisi protini hiyo. Panya wenye hitilafu katika jeni hiyo huweza kurusha miguu ya nyuma kwa pamoja, mfano wa sungura. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa hitilafu ya DCC husababisha mikono kuigana katika baadhi ya familia: amri iliyokusudiwa mkono mmoja hufika kwa yote miwili.

Yupo atakayeuliza: maarifa haya yana faida gani, ilhali hakuna dawa ya kuzipanga upya nyuzi hizo? Faida ni kumwondolea mtoto hatia isiyo yake. Wengi wenye hali hii wana akili timamu. Kinachowatesa ni kazi za mikono miwili na maumivu ya kuandika kwa muda mrefu.

Kuitambua hakuhitaji mashine. Mhudumu amwombe mtoto agonganishe kidole gumba na cha shahada kwa mkono mmoja, kisha autazame ule mwingine. Akiona unaiga, ampe rufaa kwa daktari wa neva, kwa kuwa maradhi mengine huweza kuambatana na dalili hiyo, na amwandikie mwalimu barua ya kuomba muda zaidi wa mtihani.

Kisha aitazame na mikono ya wazazi. Hali hii hurithiwa, na huenda anayemkaripia mtoto ameificha yake miaka yote.