Pwani ni Mali ya Wote

Mji wa Garachico, katika kisiwa cha Tenerife nchini Hispania, ulianzishwa mwishoni mwa karne ya 15 na ukawa bandari kuu ya kisiwa hicho. Divai na sukari ya wakulima wa Visiwa vya Kanari vilipakiwa hapo, na matajiri wakajijengea majumba ya fahari. Tarehe 5 Mei, 1706, volkano ililipuka katika milima iliyo juu ya mji. Lava iliteremka kwenye genge, ikateketeza nyumba na kuifukia sehemu kubwa ya bandari. Mji ulijengwa upya, lakini biashara ilihamia kwingine na haikurudi.

Lava ile ile iliyoiangamiza bandari ndiyo leo inayowaleta watu Garachico. Ilipokutana na maji ya bahari iliganda na kuwa mawe meusi, ikiacha kati yake mashimo na mifereji. Maji yakijaa, mawimbi huingia humo na kuyabadilisha maji ya zamani. Yakipwa, hubaki madimbwi yaliyotulia na maangavu. Mahali hapo panaitwa El Caletón. Mgeni anayedhani kwamba dimbwi la volkano lazima liwe la moto atashangaa, kwa maana mawe hayo yalipoa karne nyingi zilizopita, na maji ni yale yale ya Atlantiki, yenye nyuzi 18 hadi 24 hivi kwa kutegemea majira.

Jambo linalostahili kutafakariwa na kila mtumishi wa umma ni namna mahali hapo panavyotunzwa. Hakuna lango wala tikiti. Mji umejenga njia na ngazi za saruji katikati ya mawe, na kuyaacha mengine kama yalivyo. Mtoto wa mvuvi na mtalii aliyetoka mbali huteremka kwa ngazi moja. Na hii si hisani ya mtu yeyote. Katiba ya Hispania ya mwaka 1978, katika kifungu cha 132, inatamka kwamba ufuko na bahari ya nchi ni mali ya umma, na Sheria ya Pwani ya mwaka 1988 ikaitilia nguvu kanuni hiyo.

Wapo wanaodai kwamba kitu cha wote hakina mwenyewe, na kwamba ufuko hautatunzwa mpaka akabidhiwe mwenye mtaji. Madai hayo hayana msingi. Ni kweli kwamba huduma ina gharama. Huko Porto Moniz, katika kisiwa cha Madeira, madimbwi kama haya yenye vyumba vya kubadilishia nguo na waokoaji hutozwa kiingilio. Lakini kiingilio kidogo kinacholipia huduma si sawa na ukuta unaomzuia mwananchi asiifikie bahari yake. Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufuko ndani ya mita 60 kutoka majini. Sheria hiyo hutegemea ofisa anayeisoma ramani kabla ya kutia sahihi. Akifumba macho, umma huporwa mchana kweupe.

Hata hivyo, haki ya kuifikia bahari haikamiliki bila elimu ya bahari. Dimbwi lililotulia hudanganya. Tufani iliyo mbali, isiyoonekana kwa macho, huweza kuleta wimbi kubwa likapanda juu ya mawe na kumzoa mtu aliyesimama pembeni. Ndiyo maana bahari ikichafuka, ngazi za El Caletón hufungwa, na mwenye busara hatii mguu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wengi wa hao si watalii. Ni watoto waliotumwa kuteka maji, wavuvi, na abiria wa vyombo vidogo.

Kwa hiyo tunasema kwamba kazi hii ina pande mbili. Maofisa wa ardhi na wa halmashauri hawana budi kuzilinda njia za umma zinazokwenda ufukoni, na kukataa kila ombi linalozifunga, hata likiletwa na mtu mkubwa. Walimu nao, hasa wa shule za pwani na za kando ya maziwa, wawafundishe watoto kuogelea, kuyasoma maji yanapojaa na kupwa, na kuitambua siku ya kubaki nchi kavu. Kazi hiyo haihitaji bwawa la vigae. Yatosha maji ya kina kifupi, kamba, na mtu mzima anayejua kuogelea asiyewaondolea macho watoto.